Kabla Anko Hajaharibu

Vuta hilo kreti, jirani, ukae. Mangi, mpe soda, andika kwangu. Usiniangalie hivyo, Mangi, wewe andika tu. Mwisho wa mwezi si mbali.

Nimekuja kukaa hapa kwa sababu nyumbani hakukaliki. Na mtaani hakupitiki. Nikipita kwa fundi cherehani, wanacheka. Nikipita kijiwe cha bodaboda, wanacheka. Jana mtoto wa darasa la tatu kanisimamisha barabarani, na begi lake mgongoni, kaniuliza, "Babu, ile tisa ya kopa uliiweka wapi?" Mimi babu! Nina miaka hamsini na kitu tu. Na hiyo tisa ya kopa, subiri, tutaifikia.

Unajua mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Wanachama 43, kila mmoja 10,000 kwa mwezi. Ukifiwa tunaleta turubai, mchele, sanda, na basi la kwenda makaburini. Kama unadhani nilichaguliwa kwa uaminifu wangu, basi siku ile hukuwepo. Mwenyekiti aliuliza, "Nani ana laptopu?" Nikanyoosha mkono. Nilidhani anataka kuazima.

Laptopu yenyewe ni mtumba. Herufi H haishuki mpaka uisindikize na kidole gumba. Betri inakaa dakika 12, ukiiomba vizuri. Na programu ya mahesabu tuliachiwa na mweka hazina aliyetangulia, Mungu amrehemu. Ilitengenezwa enzi za Windows XP. Ukiiweka kwenye laptopu ya siku hizi haifunguki. Unabofya mara mbili, inakaa kimya. Unabofya mara nne, kimya. Kama mkwe aliyenuna.

Ndipo mpwa wangu akaja. Huyu anasoma kompyuta chuoni, Dodoma. Kaitazama laptopu, kavuta pumzi, kasema, "Anko, hii ndogo sana. Tunaiwekea mashine pepe."

Mke wangu alikuwa jikoni anakaanga samaki. Nikasikia upawa umedondoka. Yeye alisikia pepo.

"Nyumba hii haiingii pepo wa mtu!" Nikamwambia mama watoto tulia, ni pepe, si pepo. Pepe ndiyo nini? Nikamgeukia mpwa. Mpwa akasema, shangazi, ni kitu ambacho kipo, kinafanya kazi, kinakula umeme, ila ukitaka kukishika hukikuti. Jirani, si bora angenyamaza? Mwanamke kaingia chumbani katoka na chetezo. Laptopu ilifukizwa ubani nusu saa. Mpaka leo feni yake ikianza kuzunguka, nyumba nzima inanukia Idi.

Basi kijana akanielewesha. Mashine pepe ni kompyuta ndani ya kompyuta. Unafungua programu inaitwa VirtualBox, linatokea dirisha, na ndani ya dirisha imekaa Windows XP nzima, na kile kilima chake cha kijani na mawingu yake. Hiyo XP haijui kama imo ndani ya kompyuta ya mtu. Inajiona ina diski yake, memori yake, heshima zake. Kumbe diski yenyewe ni faili moja nene limejilaza kwenye folda, mwishoni limeandikwa vdi. Gigabaiti 11. Nikauliza, sasa hiyo XP haina wasiwasi? Akasema, anko, haijui kitu. Nikaionea wivu.

Na wala si mambo mapya, akaniambia huku anashambulia wali wangu. IBM huko Marekani walikuwa na mashine pepe tangu miaka ya 1960, kwenye makompyuta makubwa kama chumba. Mwaka 1972 wakatangaza moja inaitwa VM/370. 1972! Ndiyo mwaka niliozaliwa. Ina maana tumekua pamoja na kitu hiki na hatujawahi kupeana hata salamu. Hii VirtualBox ilitoka 2007, kwa kampuni ya Ujerumani inaitwa innotek. Mwaka 2008 innotek akaolewa na Sun Microsystems. Mwaka 2010 Sun naye akaolewa na Oracle, na VirtualBox akafuata na virago vyake, mtoto wa kufikia. Hapo nilielewa vizuri sana. Mambo ya ndoa nayaelewa.

Alipomaliza kuweka kila kitu akasema, "Sasa ngoja nichukue snapshoti." Nikanyoosha kola. Nikakaa sawa. Nikatabasamu, upande wenye meno. Nikangoja mwanga. Nikangoja tena. Akaniangalia kwa huruma. Kumbe ni picha ya diski.

Akanieleza inavyofanya kazi, mimi nikatikisa kichwa. Mke wangu atakwambia, huyu akitikisa kichwa ujue hakusikia hata neno. Nilichokamata ni kwamba diski inakumbuka ilivyokuwa saa ile, na ukikorofisha baadaye unaweza kurudi. Nikamuuliza, ya mshahara ipo? Tarehe 26 mchana? Akasema hiyo bado.

Haya. Twende mwezi wa saba, mwezi huu huu.

Mama Chapati wa pale kona kafiwa na mjomba wake. Katibu kaangalia orodha niliyochapa mimi mwenyewe, kwa wino wangu, kakuta Mama Chapati anadaiwa robo nzima ya kwanza. Januari, Februari, Machi, sifuri. Na katiba yetu inasema mwenye deni la miezi mitatu hapati turubai. Katiba hiyo kipengele hicho nilikipendekeza mimi. Ukiona mtu anapendekeza vipengele vikali kwenye katiba, jirani, mchunguze.

Mama Chapati alikuja nyumbani kwangu na mti wa kusukumia chapati mkononi. Sisemi alikuja kunipiga. Nasema alikuwa nao. "Wekundu wa Msimbazi watatu," akasema, "nilikuwekea kwenye kiganja hiki hapa, mwezi wa tatu, ukaniambia mama unachelewa lakini unafika."

Mimi nikakana. Nikakana kwa sauti, majirani wasikie. Nikasema, mama, mimi naweza kudanganya, ila kompyuta haidanganyi.

Usiku nikampigia mpwa. Akasema, "Anko, hakuna tabu. Machi 14 nilipopita hapo nilichukua snapshoti. Humo orodha ipo kama ilivyokuwa siku ile. Ingia uangalie Mama Chapati alikuwa na ngapi. Lakini anko, sikiliza, kabla hujabofya popote, hakikisha kwanza una..."

Simu ikakatika. Salio. Langu.

Sikuona haja ya kukopa vocha. Nilichohitaji nilishakipata. Ipo ya Machi 14, unaingia, unaangalia. Mtu mzima unaelezwa mara ngapi?

Jumapili kamati ikakaa barazani kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti, Katibu, ambaye ni mwalimu mstaafu na bado anatembea na rula, Mama Chapati na mashahidi wake wawili, na watoto wa mtaa mzima wamejazana dirishani. Mimi nikapendekeza tuunganishe laptopu na televisheni ya Mwenyekiti ili kila mtu aone. Waya niliuazima kwa miguu yangu mwenyewe. Nilisema neno "uwazi" mara tatu. Hakuna aliyenilazimisha, jirani. Hayupo.

Nikafungua VirtualBox. Nikafungua orodha ya snapshoti. Kwenye televisheni ile, herufi kubwa kama za duka la dawa, pakatokea jina ambalo mpwa wangu aliipa ile ya Machi 14. Mimi nilikuwa sijawahi kulisoma. Katibu akalisoma kwa niaba yetu, kwa ile sauti ya imla, akigusa kila neno kwa rula:

"Ka-bla an-ko ha-ja-ha-ri-bu."

Akarudia, kwa faida ya waliokaa nyuma.

Nikacheka kidogo. Nikasema vijana wa siku hizi. Hakuna aliyecheka na mimi. Walicheka, ila peke yao.

Nikabofya kitufe cha kurejesha. Kikatokea kiboksi cha Kiingereza kinaniuliza kama nataka kwanza kuchukua snapshoti ya hali ya sasa. Na kilikuwa kimeshatiwa alama ya vema. Waliotengeneza wameiweka wenyewe. Yaani mtu yuko ng'ambo huko, hanijui, hajawahi kuniona, lakini alikaa akawaza, atakuja mjinga mmoja siku moja, ngoja nimwekee vema mapema.

Mimi nikawaza mambo yangu. Laptopu imejaa. Kila nikiongea na mpwa ananigombeza, anko nafasi, anko nafasi. Snapshoti nyingine ya nini? Na hali ya sasa naijua, si ndiyo hii tuliyonayo? Nikaiondoa ile vema. Wala sikuiondoa kimyakimya. Niliinua kipanya juu kama mpiga ngoma, nikawageukia wajumbe, nikasema, "Tunabana matumizi." Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikabonyeza. Sekunde mbili tatu. Nikaiwasha mashine.

Kuna jambo mpwa hakuniambia. Au aliniambia wakati natikisa kichwa. Ukichukua snapshoti mashine ikiwa imezimwa, unapata diski tu. Ukiichukua ikiwa inawaka, inabeba na memori. Kila dirisha lililokuwa wazi, kila ulichokuwa unafanya. Ukirudi haiwaki upya kama kompyuta ya kawaida. Inaamka palepale ilipoishia, kama abiria aliyesinzia Chalinze akashtuka Morogoro na sentensi ileile mdomoni.

Machi 14 mimi nilikuwa naingiza michango. Nilikuwa nimepumzika kidogo tu. Mpwa alipofika nikainuka kwenda kumnunulia soda hapahapa kwa Mangi, nikaacha mashine kama ilivyo.

Kwa hiyo televisheni ya Mwenyekiti ikatuonyesha mchezo wa karata. Mezani zimepangwa, nusu zimefunuliwa. Pembeni chini, saa ya ile XP inasema saa tisa na dakika kumi alasiri, Machi 14, kama vile dunia haijasogea.

Kimya.

Katibu akafunua daftari la mihutasari. Taratibu. Mwalimu akifunua daftari taratibu hivyo, aliyekosa keshajulikana. "Machi 14," akasoma, "kikao cha dharura, saa tisa alasiri. Mweka hazina hakuhudhuria. Udhuru, yuko bize anaingiza michango."

Mwenyekiti yeye alikuwa anaitazama skrini kwa makini. Alicheza sana karata enzi zake bandarini. "Lakini mweka hazina," akasema, "tisa ya kopa si inakwenda juu ya kumi ya shupaza? Ile pale. Hukuiona?" Na watoto wote dirishani, kwa pamoja, kama kwaya, "Ile paleee!"

Kopa, jirani. Hata karata zilikuwa zinanisema.

Nikaufunga mchezo. Mikono inatetemeka, kipanya kinateleza, nikaufungua tena kwa bahati mbaya, nikaufunga. Nikafungua programu ya mahesabu. Orodha ya robo ya kwanza. Namba 11, Mama Chapati, 30,000, tarehe 9 Machi. Namba 17, mimi. Sifuri.

Hapo kumbukumbu ikanirudia, yote, kama maji ya mvua yanavyorudi na takataka zake. Ilikuwa Aprili. Nilikuwa napitia orodha kutafuta malipo yangu. Mimi nilikuwa na uhakika nimelipa, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kulipa. Nikaikuta 30,000, nikaona jina lililopo si langu. Nikajua kompyuta imekosea. Nikairekebisha. Na nikajipongeza, wallahi, nikasema ona faida ya kuwa na mtu makini kwenye hazina.

Nikaomba radhi. Nikasimama kabisa, mikono mbele. Mama Chapati hakunijibu. Aliuliza tu watu wake, "Mti wangu nimeuacha wapi?"

Mwenyekiti akatuliza. Turubai likapitishwa. Nikaahidi elfu thelathini zangu mwisho wa mwezi. Nikafikiri msiba umekwisha. Nikasema, "Basi wajumbe, sasa turudi leo, tuingize michango ya Julai."

Nikafungua Julai. Tupu. Juni tupu. Mei tupu. Aprili hakuna hata mstari. Yule mzee wa nyuma ya msikiti tuliyemzika mwezi wa tano, na mimi nilibeba jeneza, bega la kushoto linaniuma mpaka leo, kwenye orodha yuko hai, namba 29, na anadaiwa Machi.

Nikaitafuta leo. Nikafungua ile orodha ya snapshoti. Kuna "Kabla anko hajaharibu", na chini yake "hali ya sasa". Nikaingia hali ya sasa. Machi. Nikatoka, nikaingia tena. Machi. Nikajaribu kuingia polepole.

Nikampigia mpwa kwa simu ya Mwenyekiti. Nikamsimulia. Akanyamaza muda mrefu hadi Mwenyekiti akaanza kuangalia salio lake.

"Anko. Kile kiboksi. Kilikuwa na vema?"

"Kilikuwa nayo."

"Ukaiacha?"

"Nikaiondoa."

"Kwa nini?"

"Kubana matumizi."

Nikasikia amekaa chini. Huko huko Dodoma, nikasikia.

Akasema, anko, nyie enzi zenu shuleni si mlikuwa mnapaka karatasi mafuta ya kula ili mchore ramani ya Afrika? Nikasema ndiyo, na nilichapwa, niliisahau Madagaska. Akasema vizuri. Ile diski ya kwanza ndiyo ramani. Ukichukua snapshoti, ramani inafungwa, haiguswi tena na kalamu. Juu yake inatandikwa karatasi ya mafuta. Kila utakachoandika kuanzia hapo kinaandikwa kwenye karatasi. Mashine ikitaka kusoma inaangalia karatasi kwanza, pale palipo wazi inapenya mpaka ramani ya chini. Ukichukua snapshoti nyingine inatandikwa karatasi nyingine. Kwenye laptopu hiyo karatasi ni faili, liko kwenye folda ya snapshoti, lina jina refu la tarakimu na herufi limefungiwa kwenye mabano. Mimi hilo faili nilikuwa naliona siku zote. Nilidhani ni kirusi. Nilikuwa naliogopa.

"Sasa anko," akasema, "ukibofya kurejesha, haifungui kabati la kumbukumbu uchungulie. Inachukua ile karatasi ya juu, inaikunjakunja, inatupa, inatandika mpya nyeupe. Na Aprili, Mei, Juni na Julai zote zilikuwa kwenye karatasi moja."

"Kwa hiyo ile vema..."

"Ile vema ilikuwa inataka kuitunza hiyo karatasi, anko."

Nikamuuliza, sasa mtu akitaka kuangalia tu afanyeje? Nikauliza mbele ya kamati, televisheni bado inawaka. Akasema unabofya snapshoti, unachagua kuikloni. Inazaliwa mashine nyingine pembeni, ina mambo ya Machi, na ya kwako inabaki na Julai yake, haiguswi. Kloni zipo mbili. Ile kamili inanakili ramani nzima, inakula nafasi. Ile ya kuegemea inatandika tu karatasi yake juu ya ramani ileile, ikianza ni nyepesi kuliko nyimbo unazorushiwa kwenye simu. Unaikatia mtandao, isije ikagombana na mwenzake, unaiwasha, unatazama, unaitupa. Dakika tano. Wengine hata hawaiwashi. Kuna programu inaitwa QEMU, ilianzishwa na Mfaransa, Fabrice Bellard, mwaka 2003. Hiyo ina kifaa cha kuichomeka diski ya mashine pepe kwenye kompyuta kama flashi, kwa kusoma tu, hairuhusiwi kuandikwa. Kama kutazama chumba kwa tundu la ufunguo.

"Wewe anko ulitaka kuchungulia Machi," akasema. "Ukahamia."

Kamati nzima ilisikia. Simu ya Mwenyekiti ina spika kubwa.

Halafu akanipa tumaini. Akasema, faili likifutwa halipotei papo hapo, hasa kwenye laptopu ya zamani kama yangu yenye diski ya kuzunguka. Kompyuta inaandika tu kwamba nafasi ile iko wazi. Vilivyomo vinaendelea kukaa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. "Kwa hiyo anko, izime. Usiguse kitu. Nakuja Jumamosi na programu ya kufukua." Nikamwambia usiwe na shaka.

Na sikugusa. Jumatatu sikugusa. Jumanne sikugusa. Jumatano mke wangu alikuwa hanisemeshi siku ya tatu, kwa sababu wenzake kisimani walikuwa wanamwita Mama Karata. Nikatafuta cha kumfurahisha. Shemeji akanipa flashi ina tamthilia ya Kituruki, vipande 64, kila kimoja na machozi yake. Nikawasha laptopu, nikasema nitaangalia tu kama inaenea. Jirani, ikaenea! Laptopu ambayo mwaka mzima inalia haina nafasi, imepata gigabaiti tatu za ghafla. Nikasema Mungu hamtupi mja wake. Nikazijaza zote.

Jumamosi kijana kashuka na basi la Dodoma, saa nane njiani, hajanawa hata uso, kafungua laptopu. Katazama. Kanitazama. Katazama tena. Pale palipokuwa na miezi minne ya chama amelala Mturuki na mchumba wake.

Hakunigombeza. Hilo ndilo liliniumiza. Alisema tu, "Angalau anko lile kosa la Mama Chapati limejirekebisha lenyewe." Na kweli, lile nalo lilikuwa kwenye karatasi iliyotupwa. Uharibifu wangu nao uliharibiwa.

Nikamwomba basi anifutie ile snapshoti, kwa sababu ya jina. Akasema kufuta snapshoti si kufuta mambo. Ni kuzigandisha karatasi ziwe kitu kimoja, inataka muda, inataka nafasi, na umeme usikatike katikati. Nafasi anayo nani? Mturuki. Nikamwambia basi badilisha jina tu. Akasema, "Jina linabadilishwa sekunde moja anko. Ila sikuonyeshi."

Na akanipiga somo la mwisho, kwamba snapshoti si bekapu. Inakaa juu ya ramani ileile, kwenye laptopu ileile inayonuka ubani. Ramani ikichanika, karatasi zote za juu ni za kufungia maandazi. Kila Jumapili ninakili folda nzima ya mashine, ramani na karatasi zake zote, kwenye flashi, niiweke nyumba nyingine. Nimekubali. Flashi kwa sasa anayo mke wangu. Yuko kipande cha 19, anasema hapo ndipo inaanza kunoga.

Sasa adhabu yangu ndiyo hii unayoniona nayo, hili daftari. Kamati imeamua nipite nyumba kwa nyumba niulize kila mwanachama alilipa ngapi Aprili mpaka Julai. Waliotuma kwa simu ni 11 tu, hao meseji zao ninazo. Waliobaki 31 walinipa mkononi. Stakabadhi? Kitabu cha stakabadhi kiliwahi kupendekezwa kwenye kikao. Kuna mtu alikipinga kwa nguvu, akasema tuko kwenye ulimwengu wa kidijitali. Katibu anao muhtasari. Alinisomea.

Nimepita nyumba zote. Jirani, watu wa mtaa huu wanalipa! Hujapata kuona. Yule dereva wa bajaji tuliyekuwa tunataka kumfukuza chama, kalipa miezi yote minne, tena anasema aliniachia na chenji. Fundi cherehani kalipa. Wale wapangaji waliohamia mwezi uliopita wanasema wamelipa toka Aprili. Nikawauliza, Aprili mlikuwa mnaishi wapi? Wakasema, "Ndiyo maana tulilipa mapema." Nikaandika. Nitabisha na nini? Hata yule marehemu, mjane kaniambia alilipa mpaka Julai. Nikaandika. Mara ya mwisho nilipobishana na mwanamke kuhusu malipo unajua ilikoishia.

Jana usiku nikajumlisha. Watu 31, miezi minne, 10,000. Kwa maneno yao wamenipa mkononi 1,240,000. Na karatasi za benki zinasema mimi niliweka 870,000. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu chama kianzishwe hakuna mwanachama anayedaiwa hata senti. Isipokuwa namba 17.

Ee, Mangi. Wewe peke yako nilikujumlisha bila kukuuliza. Wewe Aprili mpaka Julai ulinipa?

Unasemaje?

Mpaka Desemba?

Haya. Na soda ya pili, andika.